KAMALA: "MGANDA" WA MIELEKA AMBAYE HAKUWA MGANDA

Ukitaja jina la Kamala kijiwe chochote cha Sinza, uanzie Mori uishie Makaburini, mtu aliyekulia kwenye mabanda ya video atakumwagia historia nzima bila kuvuta pumzi: lile pandikizi la mtu, tumbo limechorwa nyota na mwezi, kifua wazi, miguu peku, mkuki na ngao mkononi, lilikuwa jitu la Uganda, tena mlinzi wa Idi Amin. Wengine wanaongeza chumvi kwamba alikuwa anakula watu.

Ukweli wenyewe ni huu. Kamala hakuwa Mganda na hakuwahi kumlinda Amin. Jina lake halisi ni James Arthur Harris, Mmarekani mweusi, mzaliwa wa Senatobia katika jimbo la Mississippi, tarehe 28 Mei 1950. Huyo "Mganda" alitengenezwa mwaka 1982 mjini Memphis na wazungu wawili waliokuwa wanatafuta kitu kipya cha kujaza ukumbi. Ni changa la macho, tena la daraja la kwanza, na lilidumu zaidi ya miaka 25. Ila kabla hujacheka sana soma mpaka mwisho, maana ndani ya ile sanaa kulikuwa na mtu aliyefanya kazi kweli na kuumia kweli.

MTOTO WA KIBARUA

Harris alikulia Coldwater, kamji kadogo jirani na Senatobia. Familia yake ilikuwa ya wale wanaolima ardhi ya tajiri halafu mavuno wanagawana, huku daftari la madeni analishika tajiri mwenyewe. Mnajua hesabu kama hiyo huwa inaishia wapi. Baba yake aliuawa kwa risasi kwenye mchezo wa kamari, Harris akiwa na miaka minne tu. Shule hakumaliza. Ujanani akajiingiza kwenye wizi wa kuvunja nyumba, na mwaka 1967 askari wa pale wakamshauri ahame mji. Kijana mweusi wa Mississippi miaka ile, akishauriwa na polisi aondoke, haulizi mara mbili. Akaenda Florida, akachuma matunda mashambani na kuendesha malori.

Baadaye akahamia Benton Harbor, jimbo la Michigan, na hapo ndipo alipokutana na Bobo Brazil. Huyu mzee alikuwa mmoja wa wanamieleka weusi wakubwa kabisa waliowahi kutokea Marekani, na ni mmoja wa waliofungua milango kwa weusi kupigana na wazungu ulingoni. Angalia na hili: Bobo Brazil naye hakuwa Mbrazili. Alikuwa Mmarekani, jina lake halisi Houston Harris (hawakuwa ndugu, majina tu yamegongana). Kwa hiyo kijana wetu alifundwa kazi na mtu ambaye tayari alikuwa anakula kwa jina la nchi ya watu.

Mwaka 1978 akapanda ulingoni rasmi kwa jina la Sugar Bear Harris. Futi 6 na inchi 7, uzito unaopita kilo 170. Enzi hizo mieleka ya Marekani haikuwa kampuni moja kama unavyoiona leo. Nchi ilikuwa imegawanywa vipande vipande, kila mkoa na promota wake, televisheni yake na mabingwa wake. Mwanamieleka alikuwa kama bendi ya dansi: anapiga mkoa mmoja miezi kadhaa, watu wakimzoea anahamia mwingine. Harris alizunguka majimbo ya kusini, akavuka bahari mpaka Uingereza, ambako alipigana kwa jina la The Mississippi Mauler. Alirudi nyumbani amevunjika kifundo cha mguu, hana kazi, na jina lenyewe halijakaa kichwani mwa mtu yeyote.

KIMALA YA MEMPHIS

Akiwa kwenye hali hiyo ndipo akakutana na Jerry Jarrett, promota wa Memphis, na Jerry Lawler, ambaye wengi wenu mnamjua kwa sauti yake ya utangazaji kwenye Raw. Lawler wakati ule alikuwa ndiye nyota wa Memphis, lakini pia ni mchoraji mzuri. Wakakaa, wakapiga akili: jamaa ni mkubwa, mweusi, na pale Memphis hajulikani. Lawler akabuni ile michoro ya usoni na tumboni, akatafutiwa kinyago, nguo ya kufunika kiunoni, mkuki. Wakaenda shambani kwa Jarrett, Hendersonville, jimbo la Tennessee, wakamwaga moshi wa barafu kavu kwenye miti, wakawasha kamera. Hapo ndipo ilipokuwa "Uganda" yote. Watazamaji wakaambiwa jitu hili limetolewa porini Afrika.

Mwanzoni jina liliandikwa Kimala. Najua mnachofikiria: kituo kinachofuata ni Mbezi.

Kwa nini Uganda? Kwa sababu mwaka 1982 Mmarekani wa kawaida alikuwa anajua majina machache sana ya Afrika, na moja lilikuwa Idi Amin. Mieleka imekuwa hivyo siku zote, adui wa ulingoni anaokotwa kwenye taarifa ya habari. Baada ya vita kuu ya pili waovu walikuwa Wajerumani na Wajapani, baadaye wakaja Warusi, halafu Wairani. Amin alikuwa kwenye magazeti miaka nane mfululizo, na mwenyewe alikuwa mwanamasumbwi aliyewahi kuwa bingwa wa Uganda kabla hajawa mkubwa jeshini. Na si masihara, kulikuwa na mpango wa kumpandisha Amin ulingoni kweli. Mwaka 1979 Wajapani walitangaza kwamba Antonio Inoki, yule aliyepambana na Muhammad Ali mwaka 1976, angepigana na Idi Amin mjini Kampala mwezi Juni, na Ali awe refa. Pambano halikufanyika. Ilipofika Juni Amin hakuwa tena Kampala.

Na sisi Wabongo ndio tunaojua kwa nini hakuwepo. Oktoba 1978 majeshi yake yaliingia Kagera, yakaua, yakapora, yakabomoa. Wanajeshi wetu wakawarudisha, wakavuka mpaka, na tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ikaangukia mikononi mwa JWTZ na wapiganaji wa Uganda waliokuwa nao. Amin akakimbilia Libya, baadaye Saudi Arabia, akafia Jeddah mwaka 2003. Kuna familia mpaka leo zina picha ya kijana ukutani ambaye hakurudi kutoka vita ile. Sasa piga hesabu: miaka mitatu tu baadaye, kule Memphis watu wanakata tiketi kumzomea "mlinzi wa Amin". Kwetu lilikuwa kaburi, kwao ilikuwa burudani ya wikiendi. Sisemi hivi kwa hasira na Harris, maana yeye alikuwa anatafuta ugali. Ila ni vizuri mtu ajue malighafi ilitoka wapi.

KAZI YA KUJIFANYA HUJUI KITU

Watu wanaodhani ile kazi ilikuwa rahisi hawajaiangalia vizuri. Kamala hakuruhusiwa kuongea. Wenzake walipewa maikrofoni wakatamba, na kwenye mieleka ya Marekani maikrofoni ndiyo pesa, kwa sababu anayeongea vizuri ndiye anayeuza tiketi. Yeye alipiga kelele, akapiga tumbo lake kwa viganja, akageuza macho. Wengine ndio waliongea kwa niaba yake: mameneja wazungu waliovaa suti, na mshikaji mwingine aliyeitwa Kim Chee, kajifunika uso, kavaa kofia ngumu ya porini na nguo za kaki kama DC wa enzi za Mwingereza. Huyo ndiye aliyekuwa anamwelekeza Kamala ulingo uko wapi. Ukiitazama leo picha ile, jitu jeusi linaongozwa na bwana wa kofia ya kikoloni, unapata jibu la maswali mengi bila kusoma kitabu.

Halafu ile ya kumlalia mpinzani. Kwenye mieleka unashinda ukimbandika mtu mabega chini refa ahesabu tatu. Kamala alikuwa anamwangusha mpinzani, anamlalia juu ya mgongo, uso wa mpinzani uko chini, na hesabu haihesabiki. Kim Chee anapiga kelele "mgeuze!", yeye haelewi. Umati unacheka. Ndiyo, ni dharau, Mwafrika haelewi hata sheria ya kuhesabu tatu. Lakini ukiiangalia kama kazi ya jukwaani, jamaa alikuwa na kipaji. Kuchekesha na kutisha kwa wakati mmoja, bila neno hata moja, mwili una kilo 170 na unaruka mateke, siyo mchezo. Waulize waigizaji wetu wa vichekesho watakwambia ugumu wa kuchekesha bila kuongea.

Mbinu yake nyingine ilikuwa woga wake mwenyewe. Jitu lote lile linaogopa majeneza.

Kutoka Memphis alichukuliwa Mid-South kwa Bill Watts, akapigana Texas na ndugu wa Von Erich, na huko ndiko jina lilikokua mpaka likawa la nchi nzima. Mwaka 1984 akaingia WWF, ndiyo hii iliyobadili jina kuwa WWE mwaka 2002. Alipigana na Andre the Giant, Mfaransa aliyekuwa mrefu kuliko wote, mpaka ndani ya kizimba cha chuma. Akatoka, akarudi mwaka 1986, na mwisho wa mwaka ule mpaka mwanzoni mwa 1987 akawa anazungushwa mji kwa mji kupigana na Hulk Hogan, ambaye wakati huo ndiye alikuwa bingwa na ndiye alikuwa biashara yenyewe. Kupangwa na Hogan kulikuwa na maana moja: ukumbi utajaa. Kulikuwa pia na maana ya pili, kwamba utapigwa. Kazi ya Kamala kwa maisha yake yote ilikuwa kumtisha shujaa kwanza halafu kumwachia ashinde.

WEMBLEY, WATU 80,000

Tufike kwenye lile pambano ambalo wengi wetu tumeliona kwenye mkanda uliochakaa mpaka picha inacheza. SummerSlam, tarehe 29 Agosti 1992, uwanja wa Wembley, London. Watu wapatao 80,000. Pambano la mwisho siku ile lilikuwa Bret Hart na British Bulldog, na ndilo linalokumbukwa na wataalamu. Lakini kabla ya hapo Kamala alipambana na Undertaker. Kim Chee akaingilia, refa akatoa ushindi kwa Undertaker, kisha Kamala akamrukia mwenzake mara tatu kutoka juu, na marehemu yule akaamka kama kawaida yake. Mabanda yetu yalikuwa yanalipuka hapo, hata kama ni mara ya ishirini kuangalia.

Tarehe 25 Novemba mwaka huohuo wakarudiana kwenye Survivor Series, Ohio, safari hii pambano la jeneza. Kamala akawekwa ndani, mfuniko ukapigiliwa misumari. Hiyo aina ya pambano imekuja kuwa alama ya Undertaker kwa miaka mingi iliyofuata, na mtu aliyeifungua kwenye televisheni naye ni Harris.

Sasa pesa. Harris alisimulia mwenyewe kwamba pale Wembley alilipwa dola 13,000, na kwamba Undertaker alipata karibu nusu milioni. Hayo ni madai yake, aliyarudia kwenye mahojiano na kwenye kitabu cha maisha yake, Kamala Speaks. Dola 13,000 kwa mtu wa Sinza ni hela ndefu, sikatai. Lakini elewa mfumo: mwanamieleka wa WWF hakuwa mwajiriwa. Alikuwa kama fundi wa kutwa mwenye mkataba. Hana pensheni, bima ya afya anajikatia mwenyewe, hoteli na gari la kukodi analipa mwenyewe, anapigana usiku mwingi kwa mwaka katika miji tofauti, na malipo yake yanapangwa na bosi kwa kadiri bosi anavyoona. Akiumia akakaa nyumbani, pesa nayo inakaa nyumbani. Mwaka huohuo wa 1992 aligundulika ana kisukari, na shinikizo la damu pia lilikuwa linamsumbua.

Kabla hajaondoka WWF wakamletea hadithi mpya. Mwanzoni mwa 1993 akaokolewa kutoka kwa mabwana zake na mchungaji Slick, mhusika mweusi kama yeye, aliyemwambia kwamba yeye siyo mnyama, ni mtu. Unaona? Baada ya miaka 11 ndiyo anaambiwa ni mtu! Slick akaonekana akimfundisha mambo ya watu, hata kucheza bowling. Watoto wakampenda. Akapangwa kupigana na Bam Bam Bigelow kwenye WrestleMania IX, Las Vegas, tarehe 4 Aprili 1993, ikawa ndiyo nafasi yake ya kuonekana upande wa wema kwenye onyesho kubwa kuliko yote. Siku ilipofika pambano likakatwa kwa sababu muda ulikuwa umebana. Mwaka huohuo akaondoka kwenye kampuni.

SABA SIMBA NA WENZAKE

Hapa nitoke nje kidogo ya barabara. Kamala hakuwa peke yake kwenye uraia wa kubandikwa. Abdullah the Butcher, "mwendawazimu kutoka Sudan", alikuwa Mkanada wa Windsor, Ontario. Yokozuna aliyetandikwa bendera ya Japani alikuwa Msamoa wa California.

Ila kichekesho chetu sisi waswahili ni mwaka 1990. Tony Atlas, mtunisha misuli wa Virginia aliyechukua ubingwa wa wawili-wawili wa WWF mwaka 1983 akiwa na Rocky Johnson (baba yake The Rock), wakiwa weusi wa kwanza kufanya hivyo, alirudishwa kwenye kampuni akiwa kavaa manyoya, ngao na mkuki, na jina la Kiswahili: Saba Simba. Mtu hakuweza hata kupiga simu Dar akauliza kwamba kwa Kiswahili simba ndiye anatangulia. Simba saba, jamani! Hata mtoto wa chekechea angewasaidia.

Na kuna upande wa pili wa shilingi. Kofi Kingston alizaliwa Ghana kabisa, Mwafrika wa damu. Alipoingia WWE mwaka 2008, wakamtambulisha kuwa ni Mjamaika na akaongea kwa lafudhi ya Kijamaika. Yaani Mmarekani wanamfanya Mganda, Mghana wanamfanya Mjamaika. Kofi baadaye aliachana na Ujamaika, na tarehe 7 Aprili 2019 akamshinda Daniel Bryan kwenye WrestleMania 35 na kuwa bingwa wa WWE, wa kwanza aliyezaliwa Afrika, kwa jina la nchi yake mwenyewe.

MIGUU

Turudi kwa Harris. Mwaka 1995 alionekana WCW kwenye lile kundi la kutisha lililoundwa kumsumbua Hogan, hakukaa. Alirudi kwenye usukani wa malori. Akawa anaitwa mara mojamoja kwa ajili ya kumbukumbu: Aprili 2001 alikuwemo kwenye pambano la wakongwe la WrestleMania, na mwaka 2006 alipandishwa Raw ili Umaga ampige. Umaga kwa wasiomjua alikuwa ni toleo jipya la bidhaa ileile, jitu la kutisha lisiloongea, limechorwa usoni, linaongozwa na bwana mwenye suti. Wakamleta wa zamani aje akabidhi kijiti kwa kupigwa.

Kisukari hakikusubiri. Novemba 2011 akakatwa mguu wa kushoto. Aprili 2012 wa kulia. Miguu ileile iliyokuwa inapita peku kwenye zulia la Madison Square Garden, kwa sababu "Mganda wa porini" havai viatu. Sisemi kwamba kupigana peku ndiko kulikoleta ugonjwa, ila anayemuuguza mgonjwa wa kisukari anajua daktari anavyosisitiza viatu na kidonda kidogo kisipuuzwe.

Baada ya hapo maisha yakawa ya kujikongoja. Alitengeneza viti vya mbao kwa mikono na kuviuza, alitunga nyimbo, akatoa kile kitabu. Wapenzi wa mieleka walichangishana kumsaidia gharama za matibabu. Novemba 2017 akafanyiwa upasuaji wa dharura kuondoa maji yaliyozunguka moyo na mapafu, akawekwa kwenye mashine, akapona.

Julai 2016 alikuwa mmoja wa wanamieleka zaidi ya 50 walioishtaki WWE kwa pamoja, wakisema kampuni iliwaficha madhara ya kupigwa kichwani na kwamba ilikuwa inawaita mafundi wa kutwa wakati kiukweli ilikuwa inawatumia kama waajiriwa. Kwa wale mnaosema "mieleka ni maigizo", kesi hii isome kwa makini. Matokeo yanapangwa, ndiyo, hilo halina ubishi na wenyewe wameshakiri. Lakini mtu wa kilo 170 akidondoka kutoka juu, mbao za ulingo hazijui kwamba ni maigizo. Septemba 2018 jaji akaitupilia mbali kesi yote. Hawakupata kitu.

James Harris alifariki tarehe 9 Agosti 2020 akiwa na miaka 70, hospitalini Oxford, Mississippi, moyo ulisimama akiwa na maambukizi ya korona. Siku mbili baadaye, tarehe 11, Joe Biden akamtangaza Kamala Harris kuwa mgombea mwenza wake. Jina la yule mama ni la Kihindi, lina maana ya ua la yungiyungi, halihusiani kabisa na Memphis. Lakini wiki ile, ukiandika Kamala na Harris pamoja kwenye intaneti, marehemu alikuwa anapotea chini ya habari za mtu mwingine. Hata kufa kwake kulifunikwa na jina.

Aprili 2025, karibu miaka mitano baada ya kuzikwa, WWE ikamwingiza kwenye ukumbi wake wa heshima, kwenye lile kundi la wakongwe wa kale. Wenye kundi hilo wengi wao ni marehemu. Hawasimami kutoa hotuba, kwa hiyo safari hii pia hakuongea.

WAGANDA WENYEWE

Kuna jambo moja la kufurahisha nimalizie nalo. Ukitaka kuona Waganda wa kweli wakipiga mieleka, usihangaike na mikanda ya Memphis. Mwaka 2023 jamaa mmoja wa Mukono, nje kidogo ya Kampala, Daniel Bumba, wenyewe wanamwita Bumbash, alianzisha kundi linaloitwa Soft Ground Wrestling. Hawakuwa na ulingo wa kununua. Wakachimbia miti ardhini, wakazungushia kamba, katikati wakaacha tope, kwa sababu tope ni laini ukidondoka. Vijana wa kiume na wa kike, wengine wametokea kwenye maisha magumu ya mtaani, wanaruka kutoka juu ya kamba, wanatambiana, wanapigana makofi ya mgongo, wanatoka wamejaa matope kichwa hadi mguu, na video zao zimeangaliwa dunia nzima.

Mikanda wanayo, mabingwa wanao, waovu na wema wanao. Na wanaongea, tena wanaongea sana, Kiganda na Kiingereza, kila mmoja anajitangaza mwenyewe. Andika jina la kundi kwenye mtandao utaziona. Anza na mapambano ya akina dada, yale ni noma.